Waranti ya kesi ndogo ya 2018 bado iko hai, na hivi ndo unavyoimaliza

Nimeandikiwa na msomaji wa Kisauni, nafupisha maneno yake: "Assalam aleikum wakili. 2018 nilikuwa konda wa matatu, nikashikwa sina beji wala yunifomu, nikalala ndani, asubuhi kakangu akaja kunitoa kwa elfu tano nikaambiwa niende kotini Shanzu Jumatatu. Sikwenda, mi nilidhani ile elfu tano ndo faini imeisha. Sasa nimepata kazi ya udereva Qatar na ajenti anataka Good Conduct, ile cheti ya polisi ya tabia njema, naogopa nikienda kuweka vidole ntapigwa pingu hapohapo. Kuna jamaa ni polisi ananambia nimpe elfu nane aifute waranti kwa kompyuta. Na wengine wanasema kesi ndogo ikipita mwaka mmoja inakufa yenyewe. Nifanye nini?"

Wa aleikum salaam ndugu yangu. Kabla ya yote, hiyo elfu nane usiitoe. Hata akikuapia, hata akikuonyesha simu ati ndo hii sistimu naingia sasa hivi. Sheria yetu ya mwenendo wa kesi za jinai, ile Cap 75, kifungu cha 102, inasema waranti inabaki na nguvu mpaka itekelezwe, yaani ushikwe, au mpaka ifutwe na koti ileile iliyoitoa. Hakuna mlango wa tatu. OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, hana uwezo huo, wala DCI, wale wa upelelezi, wala huyo jamaa yako. Akichukua pesa zako kitu pekee anachoweza kufanya ni kuificha karatasi ya kituoni, na faili ya kotini itabaki vilevile, halafu mwakani atakuja mwengine na nakala yake akudai elfu nane nyengine. Mimi nimeona watu wanalipa hivi miaka na miaka kwa kesi ambayo kotini ingeisha asubuhi moja, na inaniuma sana maana wanaolipa ni makonda, mama mboga, vijana wa boda, watu ambao elfu nane kwao ni kodi ya nyumba.

Sasa hilo la mwaka mmoja. Limeenea sana na lina mzizi wa kweli, ndo maana linapotosha. Kifungu cha 219 cha sheria hiyohiyo kinasema kosa dogo kabisa, lile ambalo adhabu yake ya juu haizidi miezi sita jela au faini ya shilingi elfu moja au vyote viwili, koti haiwezi kulisikiza kama mashtaka hayakupelekwa ndani ya miezi 12. Angalia vizuri hapo: mashtaka KUPELEKWA. Kama polisi walikushika 2018 na wakapeleka karatasi ya mashtaka kotini wiki hiyohiyo, basi ule muda walishautimiza zamani, saa ilisimama siku ile. Wewe kukaa nje miaka hakuhesabiwi. Ingekuwa hivyo kila mtu angejificha mwaka mmoja na kesi iishe. Kwa hiyo jibu ni ndio, kama ilitolewa, waranti ya 2018 bado iko hai leo na inaweza kutekelezwa popote Kenya, si lazima Mombasa, hata ukienda matangani Kakamega ukasimamishwa na askari aliye na habari nayo.

Na ile elfu tano. Wengi sana huingia hapo, si wewe peke yako. Pesa unayoacha kituoni ni dhamana, ni ahadi kwamba utatokea kotini, na ukitokea kesi ikaisha ni pesa yako unarudishiwa, au ukipigwa faini unaomba ikatwe humohumo. Si faini. Polisi hana mamlaka ya kukuhukumu. Kuna ile faini ya papo hapo ya makosa madogo ya barabarani iliyokuja na kanuni za 2016, yale mambo ya mkanda shilingi 500, kuongea na simu ukiendesha 2,000, lakini hiyo inakuja na karatasi yake ya notisi yenye kosa na kiwango chake, na dhamana ya kituoni si hiyo kabisa. Usipotokea siku uliyopangiwa, hakimu anaita jina lako, anasubiri, anaita tena, prosekuta, yaani mwendesha mashtaka, anaomba waranti, na kwenye faili kunaandikwa mstari mmoja wa mkono. Ukija kuiona ile faili utashangaa, miaka yako yote ya wasiwasi ni ule mstari tu: tarehe, mshtakiwa hayupo, herufi W/A maana yake waranti itolewe, na dhamana imechukuliwa na serikali. Basi. Hakuna mtu aliyekukasirikia, siku hiyo labda mlikuwa kumi mlioandikiwa hivyohivyo.

Kwa hiyo kwanza tujue kama mstari huo upo. Nauliza swali moja: kakako alipewa risiti? Sheria inataka dhamana yoyote ya kituoni itolewe risiti rasmi ya serikali. Kama risiti ipo, itafute hata kama imefifia wino, maana ina tarehe na jina la kituo, na mara nyingi nyuma yake waliandika siku ya kotini au namba ya OB, lile daftari la matukio la kituoni. Kama haikutolewa risiti, basi kuna uwezekano mkubwa tu kwamba pesa iliishia mfukoni na mashtaka hayakufika kotini kabisa, na kama hayakufika hakuna faili na hakuna waranti, umekuwa ukikimbia kivuli. Na hapo ndo kile kifungu cha 219 kinaweza kukusaidia kweli, kutegemea kosa lenyewe lina adhabu gani. Hayo hayajulikani kwa kukisia ukiwa nyumbani, yanajulikana rejistri, yaani ofisi ya mafaili ya koti.

Usiende wewe kuulizia mara ya kwanza kama una hofu. Mtume kakako, au shemeji, au wakili, aende rejistri ya kesi za trafiki pale Shanzu na jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, mwezi na mwaka, na jina la kituo. Karani anaangalia rejista ya mwaka huo. Hakuna sheria ya kumshika ndugu yako kwa kuuliza. Amwambie jina lako bila kuficha, aseme ndugu yangu anataka kuja kumaliza kesi yake, tunaomba namba ya faili. Ukisema ukweli hivyo makarani wengi wanasaidia, wameshazoea. Na ajaribu pia kuandika jina kwa njia mbalimbali, maana polisi wanaandika kwa sikio, Mohamed inaweza kuwa Mohammed au Muhamad, na Ali mara iko mbele mara iko nyuma. Kesi za miaka ya karibuni namba yake huanza na herufi E sababu ya mambo ya kielektroniki, ya kwako ya 2018 itakuwa namba ya kawaida, na faili inaweza kuwa imeshapelekwa stoo ya zamani kwa hiyo msishangae mkiambiwa mrudi kesho kutwa.

Ikipatikana, nenda mwenyewe. Hili ndo shauri langu kubwa na nalisema kwa moyo wote, kwa makosa madogo mtu aliyejipeleka na mtu aliyeletwa na pingu hawaangaliwi sawa na hakimu. Sheria ni moja lakini hakimu ni binadamu, aliyejipeleka ameshajibu lile swali kuu kabla hajaulizwa, kwamba je huyu nikimwachilia atarudi? Aliyeletwa atakaa akilijibu kwa shida.

Chagua siku. Jumatatu ni msongamano wa walioshikwa wikendi, Ijumaa usiguse, mimi huwapeleka watu Jumanne au Jumatano. Sababu ya kuogopa Ijumaa ni hii, Katiba kifungu cha 49 inasema ukishikwa lazima ufikishwe kotini ndani ya saa 24, lakini kama saa hizo zinaishia wakati koti imefungwa basi unangoja mpaka siku ya koti inayofuata. Sasa ukidakwa Ijumaa jioni utatoka Jumatatu. Usiku tatu sakafuni kwa sababu ya beji ya ukonda. Na ndo maana pia nakwambia usikae nayo ukingoja ikupate yenyewe, sababu ikikupata haitakuuliza leo ni siku gani.

Fika saa mbili kasoro asubuhi. Beba kitambulisho na kopi yake, ile risiti, chochote kinachoonyesha unapoishi na unachofanya, barua ya ajenti ya kazi, na mtu wako mmoja ambaye hatakuacha kotini akaenda zake, abaki na simu na pesa. Pesa ziwepo kwa M-Pesa, faini na dhamana za kotini siku hizi zinalipiwa kwa eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, usimpe mtu pesa mkononi kwenye korido hata akiwa amevaa tai. Unaenda rejistri, unasema nimekuja kujisalimisha kwa kesi namba fulani nina waranti, naomba faili ipelekwe mbele ya hakimu leo. Wanaipeleka. Pita pia kwa prosekuta kabla koti haijaanza, mweleze kwa heshima, akisimama akasema "sina pingamizi" mambo yanakuwa mepesi mno.

Ukiitwa, simama, na hakimu atakuuliza kwa nini hukufika. Hapa watu huharibu. Wanaanza kuzua ugonjwa, wanafiwa na nyanya ambaye alikufa 2009. Usidanganye mheshimiwa, ameyasikia yote. Sema hivi tu: "Mheshimiwa, nilishikwa mwaka 2018, nilitoka kwa dhamana ya elfu tano, sikuelewa kwamba lazima nifike, nilidhani nimelipa faini. Nilipojua nimekuja mwenyewe. Naomba radhi kwa koti, naomba waranti ifutwe." Kisha nyamaza. Kiswahili kinakubalika, na kama mashtaka yatasomwa kwa Kiingereza usielewe, omba mkalimani, ni haki yako na wala si aibu.

Kinachofuata mara nyingi ni waranti kufutwa palepale na kusomewa mashtaka. Hakimu mwengine anaweza kukwambia ukae seli ya kotini chini mpaka faili ipite au faini ilipwe, ni saa kadhaa, usitishike, ndo maana nilisema uende na mtu na uwahi asubuhi. Lakini kukupeleka rumande jela ya Shimo la Tewa kwa kosa dogo ni jambo jengine. Katiba hiyohiyo 49, ibara ndogo ya pili, inasema mtu hatawekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi sita. Kwa hiyo angalia kwenye karatasi ya mashtaka umeshtakiwa kwa kifungu gani na adhabu yake ya juu ni ipi, muulize wakili au karani akuonyeshe, kisha kama inaangukia humo litamke wazi mbele ya hakimu kwa upole. Na hata kosa likiwa zaidi ya hapo, bado una haki ya dhamana yenye masharti ya kiasi isipokuwa kuwe na sababu nzito. Prosekuta atasema huyu alishawahi kutoroka, jibu lako ni kwamba hakuna aliyekuleta, umekuja kwa miguu yako.

Sasa kukiri au kukana, na hapa nenda taratibu ndugu yangu. Najua una haraka ya Qatar na kukiri ndo njia ya mkato, unapigwa faini unalipa unatoka. Ila kukiri ni kutiwa hatiani, na kwa dereva hiyo ni rekodi, kwa hiyo usikiri kitu ambacho hukukifanya ati yaishe. Kama kweli hukuwa na beji, sawa, kiri, halafu kabla hajatoa hukumu utapewa nafasi ya kujitetea juu ya adhabu, na hiyo nafasi watu wanaitupa kwa kusema "naomba msamaha" peke yake. Tumia. Sema hujawahi kushtakiwa kabla wala baada, dhamana yako ya elfu tano ilishachukuliwa, una familia, una kazi inakungoja, umejileta, na uombe hakimu afikirie kifungu cha 35 cha Penal Code, ile sheria ya makosa ya jinai na adhabu zake, ambacho kinampa uwezo wa kukuachilia bila adhabu, moja kwa moja au kwa sharti usirudie, akizingatia udogo wa kosa na tabia yako. Hakimu hawezi kulazimishwa kukitumia, lakini asiyeomba hapewi. Kama huna pesa ya faini pia useme mapema, sheria inamruhusu kukupa muda wa kulipa, na kuna ile huduma kwa jamii chini ya sheria ya 1998, unafagia hospitali au unalima shamba la shule saa kadhaa badala ya kwenda jela.

Ukikana, unapangiwa tarehe na upande wa mashtaka ndo wenye kazi ya kuleta mashahidi. Kwa kesi ya mwaka huo askari aliyekushika huenda alishahamishwa, na prosekuta akiona hana shahidi anaweza kuomba kuiondoa chini ya kifungu cha 87(a). Ukiachiliwa hivyo kabla hujajitetea ujue kisheria bado wanaweza kukushtaki upya, haifungi mlango kabisa kama kuachiwa huru baada ya kesi kusikizwa. Pia kukana kunamaanisha kurudi kotini mara kadhaa na wewe una tarehe ya visa, hilo ulipime mwenyewe.

Faili ikikosekana je? Hutokea, hasa hizi za zamani. Usirudi nyumbani ukasherehekea, maana nakala ya waranti inaweza kuwa iko kituoni inakungoja. Andika barua kwa hakimu mkuu wa koti hiyo, nakala kwa msimamizi wa koti, weka namba ya kesi au tarehe na kituo na risiti, uombe faili itafutwe au ifunguliwe ya muda kutokana na rejista, na barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki na nakala. Wakikuzungusha sana kuna ofisi ya Ombudsman wa Mahakama, inapokea malalamiko ya faili zilizopotea na haidai pesa.

Kuhusu Good Conduct, mpangilio ni huu: koti kwanza, vidole baadaye. Ile karatasi inatolewa na DCI, unaomba kwa eCitizen, 1,050, kisha unachukuliwa alama za vidole Huduma Centre au ofisi yao, na wanachotafuta ni rekodi inayolingana na vidole vyako. Kama siku ile ulichukuliwa vidole kituoni na kesi haikupata mwisho, hapo ndo karatasi inaweza kukwama, na utakapoulizwa utahitaji kitu cha kuonyesha kwamba kesi ilikwisha na ilikwisha vipi. Mwambie ajenti akupe wiki chache, ajenti wa kweli anaelewa. Akikusukuma ulipe pesa za haraka haraka ili "asaidie" hiyo Good Conduct, basi mchunguze na yeye kama amesajiliwa na NEA, mamlaka ya kitaifa ya ajira, manake hiyo dalili siipendi.

Hukumu ikitoka usiondoke kotini na risiti ya faini tu. Hili watu wanalisahau kuliko yote, wanafurahi wanapanda matatu. Omba nakala ya amri inayosema waranti imefutwa, iliyopigwa muhuri, utalipa ada kidogo ya kopi. Toa kopi tatu. Moja ipeleke kituo kilichokushika, omba iwekwe na iandikwe OB kwamba waranti ilifutwa tarehe fulani, chukua hiyo namba ya OB. Nyengine ibaki nyumbani kwa mamako au mkeo, na ya tatu tembea nayo na uwe na picha yake kwenye simu, sababu koti kufuta ni jambo moja na habari kufika kwa askari aliyebeba ile karatasi ya zamani ni jambo jengine. Siku akikusimamisha unamwonyesha. Na kwa jumla, askari akikwambia una waranti una haki ya kuambiwa ni ya nini na ukiitaka kuiona akuonyeshe, na kama nyuma yake koti iliandika kwamba mtu huyu aachiliwe akitoa dhamana kadhaa basi askari anatakiwa akuachilie ukitimiza, si hiari yake.

Wako wengine walioniuliza jambo karibu na hili, nawajibu hapahapa. Kama umeshavuka uko Doha au Muscat na waranti imebaki huku, kwa makosa yale ambayo adhabu ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi mitatu, kifungu cha 99 kinaruhusu kesi iendelee bila wewe kuwepo, ukikiri kwa maandishi au ukiwakilishwa na wakili, kwa hiyo tafuta wakili aombe waranti iondolewe kwa msingi huo, na makoti mengi siku hizi yanasikiza kwa video hata mtu akiwa mbali. Mlioshikwa na kanjo, askari wa kaunti, kwa kuuza bila leseni au kwa "kuzurura", njia ni hiihii moja ya kujipeleka, ila msikimbilie kukiri, Mahakama ya Afrika pale Arusha ilitoa maoni tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, na wakili anaweza kulisimamia hilo. Asiye na pesa ya wakili aende Kituo cha Sheria, wana ofisi Mombasa na wamekuwa wakisaidia maskini tangu 1973, au aulizie huduma ya msaada wa kisheria ya serikali iliyoundwa na sheria ya 2016.

Wewe wa Kisauni, mtume kakako Jumatatu akaulize namba ya faili. Akiipata niandikie kifungu ulichoshtakiwa nacho kama kilivyo kwenye karatasi, nikuangalizie adhabu yake kabla hujasimama mbele ya hakimu.